Landrova ya Matairi Makubwa

Siku niliyoripoti kazini nilikuwa nimevaa shati jeupe. Mama alilipiga pasi ya mkaa kule nyumbani Maposeni, akisema mtu anayeanza kazi mjini hawezi kutoka kama anakwenda kulima. Fundi Mkuu wa karakana ya chama cha ushirika, hapa Songea, alinitazama kuanzia kola mpaka viatu, akaniuliza, "Umekuja kufunga ndoa?" Mafundi wote wakacheka. Kisha akanipa beseni la mafuta ya taa na difu ya lori iliyojaa grisi nyeusi, akaniambia niioshe mpaka aione sura yake. Shati lile sikulivaa tena kanisani.

Kwa ninyi vijana mnaopeleka gari kwa fundi mkakaa pembeni mnabonyeza simu, difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli. Ndani yake mna gurudumu kubwa la meno, tunaliita krauni, na dogo linaloizungusha krauni, pinioni. Nguvu ya injini hupita kwenye gia, ikafuata propela, ile shafti ndefu iliyo chini ya gari, ikaizungusha pinioni, na hapo ndipo magurudumu yanapokwenda. Fundi Mkuu hakumruhusu mtu kushika spana kabla hajajua kuhesabu meno hayo na kusema gari lile limejengwa kwa ajili ya mbio au kwa ajili ya mzigo. Mtu akisifia rangi ya gari mbele yake alikuwa akinuna mpaka saa ya chakula.

Baadaye nilihamishiwa kituo chetu cha Namtumbo, kwenye malori ya tumbaku. Msimamizi wa Kituo alikuwa mtu wa Bukoba, mkimya, asiyependa utani hata siku ya mshahara. Yeye ndiye aliyenieleza vizuri desturi moja ya chama chetu, na naomba mwielewe, maana wakati ule spea zilikuwa hazipatikani. Magari yaliyokufa yalikuwa juu ya mawe nyuma ya karakana, na kila fundi alikwenda kuchomoa huko alichohitaji. Sasa, ukifungua kifaa kizima ukakiacha kwenye rafu asubuhi, jioni ungekikuta kwenye gari la mwenzako. Kwa hiyo kifaa kilichofunguliwa kilifungwa kamba ndani ya gari lenyewe, kikasafiri nalo popote. Na kwa kuwa barabara zilikuwa mbaya, kila dereva wetu alijua kulala chini ya gari akafunga propela mwenyewe. Asiyejua alichekwa. Tulijivunia sana mambo hayo mawili.

Niliporudishwa Songea, nikiwa fundi wa ekseli, mambo yalikuwa yamegeuka. Soko huria lilikuwa limeingia. Maduka ya mtaa wa Majengo yalijaa spea zinazong'aa, nyingine nzuri, nyingine laini kama mhogo uliochemka. Na wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia vijijini kununua tumbaku kwa malori mapya yenye winchi, ile mashine ya kamba ya chuma inayolivuta gari kutoka topeni, wakati sisi bado tunasukuma yetu ndiyo yawake.

Asubuhi moja Meneja wetu, aliyekuwa amehamishiwa kwetu kutoka Dodoma, alituita uani. Alikuwa mtu mstaarabu, na siku ile uso wake ulikuwa umekonda kama mtu aliyetoka kuugua.

"Makao makuu wanataka kuifunga karakana," alisema. "Nimeomba msimu mmoja. Tukiwahi kwenye vijiji vya ndani kabla ya wale wanunuzi, tumbaku itakuwa yetu, na ninyi mtabaki kazini. Tukichelewa, tunakwenda nyumbani wote, na mimi nikiwa wa kwanza."

Kisha akatuonyesha matairi manne aliyoyatafuta mwenyewe, makubwa, yenye meno marefu ya kukanyaga tope. Alitaka yafungwe kwenye Landrova ya karakana. Landrova hiyo ingetangulia vijijini kupeleka neno kwa wakulima, kisha ingerudi kuyaongoza malori na kuyavuta pale yatakapokwama.

Fundi Mkuu alizunguka matairi yale akiyagonga kwa kiatu. "Meneja, haya siyo viatu, ya kuvua haya na kuvaa yale. Tukiyaweka tu, gari halitapanda hata mlima wa kanisani."

"Kwa nini? Injini si ileile?"

Nilimweleza mimi. Ndoo ya maji ukiibeba karibu na kifua unaimudu. Nyoosha mkono uibebe mbali, maji ni yaleyale lakini bega linakatika. Tairi kubwa huinyoosha injini mkono. Kwa hiyo lazima kubadili krauni na pinioni kwenye difu, kuweka zenye meno ya nguvu, gari lipoteze mbio lipate uvumilivu. Shafti za ndani ya ekseli nazo ziwe nene, la sivyo zitakatika. Springi ziinuliwe ili tairi lisikwaruze bodi. Na breki ziongezwe, maana nazo zinashindana na gurudumu refu kuliko zilivyozoea.

"Fanyeni yote," alisema Meneja. "Ila mvua za mwisho zinaondoka, na barabara ikikauka, wale watapita kama kwenye lami."

Tulifanya kazi ile kwa moyo wote. Shafti nene tulizitoa kwenye gari mojawapo lililokuwa juu ya mawe, tukazichonga meno kwenye mashine mpaka zikaingia. Ngoma za breki tulizipata pana zaidi. Lakini krauni na pinioni za kufaa, Majengo nzima ilikuwa na seti moja tu nzuri, na Landrova ina difu mbili, ya mbele na ya nyuma. Seti ya pili ilikuwa ije kutoka Dar es Salaam.

Hapa msikilize vizuri. Difu mbili zikiwa na meno tofauti, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda kwa mwendo tofauti. Kwenye tope hakuna shida, tairi linateleza kidogo na ugomvi unaisha. Kwenye udongo mkavu hakuna pa kuteleza, na ugomvi wote unaishia kwenye transfa, lile sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Kwa hiyo tuliweka seti ile kwenye difu ya nyuma, tukaifungua kabisa propela ya mbele, ili hata dereva akivuta kono la kuunganisha magurudumu ya mbele kwa kusahau, mbele kusizunguke. Na propela ile, kwa desturi yetu, tuliifunga kamba nyuma ya kiti.

Dereva alikuwa Saidi, Myao wa hukohuko vijiji vya ndani, mtu wa maneno mengi aliyependwa na kila mama lishe. Tulianza naye kazi karibu pamoja. Fundi Mkuu alimshika bega. "Usiifunge hii mpaka difu ya mbele ije. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mzee. Inshallah nitapita na ya nyuma tu."

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe wodini. Bonde la mwisho kabla ya kijiji lilimshika. Magurudumu ya nyuma yalichimba mpaka ekseli ikalala kwenye tope. Akiwa anakata matawi ya kutandika, alisikia malori ya wanunuzi yakinguruma nyuma yake, winchi zikiyavuta taratibu.

"Niliifunga, fundi," aliniambia. "Walikuwa nyuma yangu. Ningefanyaje?"

Landrova ilitoka topeni kama mnyama. Alifika kijijini akiwatangulia, akakusanya wakulima, akawaambia chama kinakuja na wasiuze kwa mtu. Wakamkubali, maana ni mtoto wao. Hakukaa hata kunywa maji. Aligeuza kwa njia ya juu, iliyokwisha kukauka, ili awahi kutuletea habari malori yatoke. Propela hakuifungua. Transfa ilivumilia ilivyoweza, ikapasuka kwenye mteremko wa mawe. Gia ikawa haishiki tena, na breki ya mkono ya Landrova iko hapohapo nyuma ya transfa, nayo ikaenda. Breki za mguu peke yake hazikuweza kuyazuia matairi yale, na gari likaporomoka naye.

Saidi hakutoka wodini. Ripoti iliandikwa kwamba alikaidi agizo, na ni kweli alilikaidi. Fundi Mkuu alikataa kula siku kadhaa. Malori yetu yalijaribu kwenda bila Landrova ya kuyavuta, yakaishia kwenye bonde lilelile, yakarudi. Karakana ilifungwa kabla msimu haujaisha. Leo ni ghala la saruji. Seti ya pili ya krauni ilifika tukiwa tunakabidhi funguo, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kulifungua boksi lake.

Baada ya kupunguzwa nilifanya kazi za vibanda vya Majengo mpaka magoti yakagoma, nikarudi Maposeni kwenye mahindi. Vijana hunifuata na magari yao wanayotaka kuyainua. "Shikamoo mzee, matairi makubwa yataingia?" Ninawaambia yataingia, lakini badili difu zote mbili au usiguse hata moja, na breki usizisahau. Wananishukuru. Nikishafunga mlango, huwa ninakaa muda mrefu nikiwa na hasira, na sijui hasa ninamkasirikia nani.

Nilikwenda kwenye arobaini ya Saidi. Baada ya dua, mzee mmoja mkulima alinichukua mpaka kwenye banda lake. Tumbaku ilikuwa imepangwa vizuri sana, marobota kwa marobota, na yote ilikuwa imeota ukungu. Mabanda ya jirani nayo yalikuwa vilevile. Nilimuuliza kwa nini hawakuwauzia wale wanunuzi.

"Walikuja siku ileile na malori matupu," alisema. "Tukawaambia wamechelewa. Saidi alikuwa ameshafika."