Nilivyomtafutia Baba Shabani kazi ya kuendana na pumu yake, Kasongo wakati wa Mbelgiji

Wakuu, salamu kutoka Kasongo, Kongo.

Naandika polepole, herufi za hii simu ni ndogo na mimi ni mzee. Lakini haya niliyaona mwenyewe, na pale nilipofanya upumbavu nitasema ni mimi.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mbelgiji. Nimetoka shule ya misioni, nikapewa ukarani kwenye dispanseri. Kalamu sikioni, kaptula nyeupe imepigwa pasi.

Nilijiona nusu daktari.

Pale nikamkuta Baba Shabani. Mtu wa mjini, Mwislamu, mwili mkubwa, kichwa kama chungu cha sikukuu. Alikuwa kibarua wa barabara ya Kabambare, na vumbi likamwamshia pumu. Kuna siku anatembea kama mimi na wewe. Kuna siku kutoka kitandani hadi mlangoni anapumzika mara tatu.

Daktari akaandika karatasi: apewe kazi nyepesi. Nikaipeleka kwa muzungu wa teritware, mkuu wa wilaya. Akaisoma, akaniangalia.

"Kazi nyepesi iko wapi? Ukimupatia mpaka siku ya posho, sawa. Kama hapana, anarudi barabarani."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Na barabarani angekufa. Yeye alijua, mke wake alijua, mimi nilijua.

Nikamwambia, "Baba, usiogope. Karani niko."

Jumatatu nikampa kengele ya dispanseri. Kazi ni kuvuta kamba tu. Siku ya kwanza safi kabisa.

Jumanne kifua kikafunga, akafika saa sita mchana. Na kwa kuwa ni mtu mwaminifu, akapiga kengele ya asubuhi! Wafagizi waliokuwa wanakwenda kula wakarudi kuchukua mafagio. Muzungu mmoja jirani akarekebisha saa yake.

Jumatano nikambadilisha. Nikampa kuita majina ya wagonjwa.

Ndiyo wakuu. Mtu wa pumu, nikampa kazi ya kupaza sauti. Chekeni tu.

"Ramazani bin..." Pumzi ikakata.

Sasa Kasongo hii, ukiita Ramazani nusu ya baraza inasimama. Wakaingia wote. Mzee mmoja aliyekuwa amemsindikiza mke wake akatoka amedungwa sindano ya tako. Akashukuru kwa heshima zote, akauliza arudi lini.

Alhamisi nikaenda nyumbani kwake, kichwa chini. Mke wake, Mama Zaituni, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamweleza kwamba sasa nawaza kumpa mume wake kuchunga mbuzi za daktari.

Akaacha mchi.

"Karani, nikuulize. Siku ine unamutafutia kazi. Ulishamuuliza yeye anajua nini?"

Sikuwa nimemuuliza.

Baba Shabani, aliyekuwa anatusikia toka ndani, akainama, akatoa kitu chini ya kitanda. Kofia nyeupe ya kushona kwa mkono, maua ya uzi, vitundu vidogo vidogo vimepangwa sawasawa. Mikono ile ile ya jembe la barabara! Alifundishwa na baba yake. Alikuwa anashona kimya kimya siku za kifua kibaya, maana wenzake wangemcheka.

"Sindano haina kapita wa kunisimamia," akasema. "Nikichoka naiweka. Nikipata pumzi naiokota."

"Sasa Baba, mbona hukusema?"

"Hukuuliza, mwanangu. Na ulikuwa na furaha sana na ile kengele yako."

Jumamosi nikaingia kwa muzungu na kofia mkononi. Akaijaribu. Ikashuka mpaka puani, kwani Baba Shabani alipimia kichwa chake mwenyewe. Askari wa mlangoni akageukia ukuta, mabega yanatetemeka. Mimi nikawaza: leo tunakwenda barabarani wote wawili.

Ndani ya kofia tukasikia sauti.

"Anajua kushona kofia ya kidogo pia?"

"Anajua, Bwana. Hata ya mutoto."

Akaivua, akaandika kwenye karatasi na kugonga muhuri: mushonaji, kazi ya nyumbani.

Toka hapo Mama Zaituni ndiye aliyepokea wateja, na sharti lake moja: "Siku ya kuchukua hatuna. Kifua kikiruhusu, iko tayari." Wakakubali! Wachuuzi kutoka Wamaza walikuja na baiskeli, kabla ya salamu wanauliza, "Kifua kimeamkaje?" Mwaka mmoja kilifunga wiki nzima karibu na Idi. Mtaa mzima ukaja kumtazama mgonjwa, kila mtu na tangawizi mkononi, kila mtu na kipimo cha kichwa mfukoni.

Pumu haikupona. Lakini aliuona uhuru, na wajukuu aliwaona.

Nilichojifunza: nilimhurumia siku nne nzima bila kumsikiliza hata dakika moja. Mgonjwa wa muda mrefu anaijua siku yake kuliko karani yeyote. Muulize kwanza anajua nini na anaweza saa ngapi, halafu kazi ndiyo imfuate yeye.

Haya, nani hapa ana ndugu wa namna hii, na anafanya kazi gani? Andikeni, nitasoma yote. Nikichelewa kujibu msinune, natafuta miwani.