Buti za Séraphine huko Svalbard

Séraphine alizaliwa Uvira, Kongo, akafika Stockholm akiwa mkimbizi. Kwa miaka kumi na miwili amekuwa fundi katika maabara inayochunguza udongo wa nchi za barafu. Anakaa Norsborg, pembezoni mwa mji huo, na kiangazi hulima mboga za lengalenga katika kishamba cha kukodi.

Mkuu wake, Hanifah, ni Mganda. Yeye alikuwa na kiwanja chake cha utafiti Svalbard, kaskazini kabisa, kando ya mgodi wa makaa uliofungwa. Alikizungushia kamba, na kwa miaka minane hakuna aliyekikanyaga. Udongo ulichotwa kwa kijiko cha mpini mrefu, mtu akisimama nje. Alilinganisha bakteria wa humo na wale wa mgodini, apate kujua binadamu ameharibu nini. Buti zilipaswa kusuguliwa kwa spiriti kila asubuhi, zisilete bakteria wa kwingine.

Mwaka Séraphine alipochukuliwa safarini, alibeba buti zake za shambani. Asubuhi ya tatu alichelewa kuamka, akazivaa bila kuzisugua. Upepo ukapeperusha mfuko wa sampuli ndani ya kamba. Akaruka, akapiga hatua sita, akauokota. Hakuna aliyemwona.

Majira ya baridi majibu yakatoka. Hanifah alimwita kwenye kompyuta.

“Mama Séraphine, tazama. Bakteria wa udongo uliolimwa, ndani ya kiwanja. Nadhani upepo unawaleta kutoka kusini. Hili ni jambo kubwa.”

Séraphine alisema ni vizuri. Kwa miezi mitano Hanifah aliandika makala yake, jioni baada ya jioni, Séraphine akiendelea kumwandalia sampuli. Siku makala ilipokuwa tayari kutumwa, Séraphine alifunga mlango wa ofisi na kueleza yote.

Hanifah aliifunga makala kwenye kompyuta.

“Ungeniambia palepale,” alisema, “tungeiacha pembe uliyokanyaga, tukachota upande mwingine. Mimi nimechota mle ulimopita, na kile kijiko nimekizungusha kiwanja kizima.”

“Niliona aibu, Daktari.”

“Najua.”

Makala haikutumwa. Kiwanja kilifutwa kwenye utafiti, maana bakteria wakishaingia hawaokotwi. Hanifah hakumfukuza, wala hakumsema mbele ya watu. Lakini safari iliyofuata alikwenda Aurore, fundi mwenzake Séraphine, na Séraphine ndiye aliyemfundisha kusugua buti.