Nilivyosamehewa Ng'ombe Ambaye Sikumwiba

Naanza na aibu yenyewe, maana wengine mmeshaisikia kwa vinywa vya watu na mmeisikia vibaya: ni kweli kuna nchi huko Ulaya ambako mimi, Mama Kulwa wa Kahama, mjane na mama wa kanisa, najulikana kuwa mwizi wa ng'ombe aliyetubu, na ni kweli sahihi iliyothibitisha wizi huo ni yangu, niliiweka kwa mkono huu mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, tena nikiwa nacheka.

Sikuiba ng'ombe. Hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Mambo yalianzia kwenye kitabu. Nilipokuwa bado na nguvu nilikuwa nakwenda machimbo ya Geita kuwauzia wachimbaji uji, na siku moja ardhi ya kando ya duara (ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu) ikafunguka nikaingia, mimi na sufuria yangu, udongo ukanifunika mpaka kifuani, na mle ndani nikamuuliza Mungu swali moja tu, nimekosa nini, nikapewa amani moyoni kwamba sijatupwa humu kwa kosa lolote, nitulie, naye yuko nami. Nikatulia. Wakanivuta kwa kamba nikiwa mzima. Huo ndio ushuhuda wangu wote, na moyo wake ni lile jibu, mengine ni udongo. Basi nikawa nausimulia kila ibada, kila msiba, kila semina ya akina mama, mpaka nikachoka, nikasema nitauandika mara moja, anayetaka asome. Shule yangu ni ile ya elimu ya watu wazima, tulikuwa tunasoma jioni tukitoka kupalilia pamba, herufi zangu kubwa kama viazi, lakini niliandika. Mhindi mmoja wa Mwanza anayechapa kadi za harusi akanichapia, kikaitwa Duara Halikunimeza, nikawa nakiuza mwenyewe, stendi ya Kahama, vijiji vya huku Buzwagi, mnada wa Buseresere, nimekibeba kichwani kama dagaa.

Sasa alikuwepo Dada Ingrid, muuguzi wa kizungu aliyekaa nasi miaka kadhaa kwenye zahanati ya kanisa. Mwanamke mwaminifu sana, Kiswahili chake cha Biblia (akitaka chumvi alikuwa anasema "naomba nipewe chumvi" kama anayeomba uzima wa milele). Alirudi kwao na kitabu changu, akakitafsiri, akakichapisha, kisha ikaja barua kwamba kitabu sasa kimo kwenye duka la vitabu la kompyuta. Nikaipeleka kwa mchungaji wetu, kijana wa Bukoba, msomi, anieleze.

"Hilo duka liko wapi?"

"Halipo mahali, Mama. Liko ndani ya kompyuta."

"Na vitabu vyangu vimo humo ndani?"

"Vitabu viko ghalani."

"Kwa hiyo ghala lipo ila duka halipo."

"Unaweza kusema hivyo."

"Na mwenye duka anakaa wapi?"

"Mama, tuendelee na barua."

Barua ilisema kwamba kwa kuwa mnunuzi hawezi kukishika kitabu, husoma kwanza maoni ya waliokisoma, na watu wa kule wangependa sana kuwasikia wanaonifahamu. Basi nikusanye maoni, kila msomaji aandike yake na atoe nyota, kuanzia moja mpaka tano, na mimi chini ya kila karatasi niandike "ni kweli" na kuweka sahihi, ili ijulikane huyo ni msomaji halisi, si mtu wa kutungwa. Nyota sikuzielewa. Nikafanya nilivyoambiwa.

Akina mama wa kanisani wakaandika. Wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, waliandika: Kitabu ni kizuri, Mungu akubariki, nyota tano. Wengine nawajua hata hawajafungua ukurasa. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulionimaliza. Nikasema haya maoni ni uji mtupu hauna sukari, mzungu gani atanunua kitabu kwa maneno haya, nitafute mtu mmoja mwenye ulimi. Nikaenda kwa Mzee Chidawali.

Chidawali ni Mgogo, mstaafu wa reli, alihamia huku akiwa kijana na hakurudi kwao. Na mnajua Mgogo na Msukuma kama mimi, ni watani wa jadi. Huyo ni mtani wangu wa miaka yote, yeye ndiye aliyelala kaburini siku ya kumzika mume wangu akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, nikacheka siku ambayo sikudhani ningecheka. Salamu yetu ni moja tu. Yeye huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, huuliza, "Mayu, ng'ombe wetu hajambo?" (eti wazee wangu walimwiba ng'ombe mweusi wa wazee wake), na mimi hujibu, "Hajambo, amezaa, ila ndama amekataa kwenda Ugogo, anasema atakula nini, vumbi?"

Akakichukua kitabu. Nilimkuta siku nyingine anakisoma kibarazani, macho mekundu, akasema ni moshi. Hakukuwa na moto. Kisha akanipa karatasi yake, nami nairudia hapa kama ilivyokuwa, maana naijua kwa kichwa kuliko Zaburi:

"Mimi ni Chidawali, mstaafu wa reli. Mwandishi huyu namfahamu sana. Ni mwizi. Alituibia ng'ombe wetu mweusi na mpaka leo anamkamua. Habari ya shimo ni kweli, alitumbukia, ila hajasema kwamba ardhi ilimtapika kwa kuwa hata ardhi haihifadhi mwizi. Kitabu nimekisoma mara mbili bila kula. Nampa nyota moja, zile nne atazipata akirudisha ng'ombe."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kwa mtani, hiyo ni sifa kubwa, hakuna mwana kanisa aliyenisifu hivyo. Nikaandika chini: Ni kweli. Mama Kulwa. Nikatia kwenye bahasha pamoja na zile za akina mama, nikapeleka posta.

Ukapita msimu mzima wa mvua. Siku moja mchungaji akaniita, ameshika barua, anacheka, kisha anaacha kucheka, kisha anacheka tena, nikamuuliza kama anaumwa.

"Mama Kulwa, uliwatumia maneno ya mtani?"

"Niliwatumia maoni. Si walitaka maoni?"

"Dada Ingrid ameyatafsiri yote, neno kwa neno. Yamo kwenye duka. Watu wanauliza kama kanisa letu linajua kwamba una ng'ombe wa watu."

"Si uwaambie ni utani?"

"Nitawaambia. Lakini Mama, umeandika ni kweli. Na sahihi."

"Sahihi ni ya kwamba Chidawali yupo!"

"Wao hawakuelewa hivyo."

Nikakaa chini. Aibu ya ng'ombe ningeibeba, nimebeba mizito zaidi. Kilichoniuma ni kingine: anayeamini kwamba mimi ni mwizi ataamini vipi niliyoyasema ya mle shimoni? Niliposema nimeambiwa sina kosa, atasema naam, wezi wote husema hivyo. Mchungaji akaandika barua ya kueleza, lakini kabla haijafika, Dada Ingrid alikwishapanda ndege, anakuja mwenyewe, pamoja na msomaji mmoja, mzee aitwaye Olafu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko kwao, ambaye inasemekana alisoma kitabu changu akalia, kisha akasoma maoni akakosa usingizi. Mfugaji, jamani. Angekuwa hata fundi saa.

Nikamfuata Chidawali. Nikamwambia Jumapili uje kanisani, uwaambie wageni ukweli, mimi sijakuibia.

"Nitasema ukweli wote, mayu," akasema. Mimi nikaondoka nimeridhika. Kwa nini niliridhika, hadi leo sijui, mtu nimemfahamu maisha yangu yote.

Jumapili kanisa lilijaa, hata wasiosali walikuja, wengine wamesimama madirishani. Wageni wakaketi mbele. Mchungaji akasema kuna jambo dogo la kufafanua, akamwita Chidawali. Chidawali akaingia kwa mlango mkubwa, amevaa koti lake la reli lenye vifungo vya shaba, na mkononi ameshika kamba ya ng'ombe, mpya.

Akasimama katikati. Akaitazama dari, akanitazama mimi. "Ndugu zangu, nimeambiwa niseme ukweli. Ukweli ni kwamba kamba ninayo, ng'ombe sina."

Kanisa likaanguka. Watu walicheka, wakapiga vigelegele, mwanamke mmoja akatoka nje na mtoto wake kwa kucheka. Dada Ingrid anamtafsiria Mzee Olafu sikioni, na Mzee Olafu hacheki, anatikisa kichwa polepole.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, "Dada Ingrid, huu ni utani. Mimi sikuiba. Mwambie."

Akamwambia. Yule mzee akajibu kwa kirefu, kwa upole.

"Anasema," Dada Ingrid akanigeukia, macho yana machozi, "hata kwao mtu akiona aibu hujificha kwenye mzaha. Anasema usiogope."

"Siogopi. Sikuiba."

"Anasema hatua ya kwanza ndiyo ngumu."

Sasa ninyi mngefanya nini? Nikikana, watasema naona aibu. Nikinyamaza, nimekubali. Nikicheka, najificha. Nilibaki nimesimama hapo kama mlingoti. Ndipo Mzee Olafu akainuka, mrefu huyo, akamwendea Chidawali, akatoa bahasha mfukoni, akamwekea mkononi, akasema maneno, na Dada Ingrid akatafsiri kwa kanisa zima: "Amesema, mimi ni mfugaji, najua uchungu wa kupoteza mnyama. Pokea thamani ya ng'ombe wako, umsamehe dada huyu, ili mwisho wa kitabu chake uwe mzuri."

Kicheko kikakatika. Nikamkazia Chidawali macho, nikimwambia kwa macho usipokee. Na yeye akanitazama, nikaona hajui la kufanya, maana utani hauingiliwi na mtu wa tatu, haijawahi mtu kulipa. Akanong'ona, "Mayu, huyu amelipa kweli."

"Mrudishie."

"Nikimrudishia atasema sijakusamehe."

Akageuka, akaitumbukiza bahasha kwenye kikapu cha sadaka. Alidhani amejitoa. Kumbe Mzee Olafu akapaza sauti kwa furaha, akamkumbatia Chidawali, kisha akanikumbatia mimi, akatushikanisha mikono, na kwaya (sijui nani aliwaambia) ikaanza kuimba. Nilisamehewa mbele ya Kahama nzima, nimeshikwa mkono na Mgogo mwenye kamba.

Ningeweza kulimeza hilo. Lakini baada ya mavuno ikaja barua ya Dada Ingrid, imejaa furaha. Maoni sasa ni mengi, nyota tano kila mahali, kitabu kinanunuliwa sana. Alikuwa ametafsiri machache anitie moyo. Wasomaji wote walisema jambo lilelile kwa maneno tofauti: Mungu alimtumbukiza mama huyu shimoni kwa ajili ya ng'ombe wa jirani, ili apate kutubu. Na wanaomba toleo jipya, niongeze sura ya wizi, ieleweke kwa nini nilitupwa.

Mchungaji akanisomea, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, inawagusa watu."

Nikamwambia, "Inawagusa kwa uongo. Mle ndani niliuliza, nikajibiwa. Wewe unataka niandike kwamba nilijibiwa vibaya?"

Nikamwamuru aandike kwamba kitabu kitolewe dukani, chote, hata kama duka halipo mahali. Sitaki kisomwe na mtu anayeamini nimesamehewa.

Chidawali alipopata habari akaja kwangu. Hakuuliza habari za ng'ombe. Alikaa kwenye kigoda, akasema, "Mama Kulwa, nisamehe." Jina langu lote, kama tuko mahakamani. Nikaona huyu sasa ananiua mara ya pili, mtani akiomba radhi tumebaki na nini? Nikamwambia akitaka msamaha apande ndege awafuate wazungu, wao wanao mwingi, wanagawa hata kwa wasiokosa, ila asisahau kubeba chakula maana Mgogo akianza kuomba njiani hafiki. Alichelewa kidogo kucheka. Lakini alicheka.

Dada Ingrid alijibu kwa huzuni: kitabu kimeondolewa, ila maoni yamebaki, hajui namna ya kuyaondoa, hata jina langu lipo. Kwa hiyo kule kuna duka lisilokuwa mahali, lenye sifa za kitabu kisichokuwepo, kuhusu wizi usiotendeka, na mimi ndiye mwenye mali. Nimejaribu kulielewa, nimeacha.

Ushuhuda natoa bado, kwa mdomo, kwa mtu ninayemwona uso, akiwa na swali aniulize hapohapo. Utani nao unaendelea, hapohapo kibarazani, kwa mdomo vilevile. Karatasi ndiyo nimeikataa. Chidawali akiandika hata kwamba jua huchomoza mashariki, mimi nitasoma, nitakubali moyoni kwamba ndivyo lilivyo, na sahihi yangu haipati.