Siku Nilipogawanywa Pamoja na Masufuria

Matanga ya mama yalipoisha, ndugu walikaa barazani kwetu, hapa mjini Baraka, kugawana vitu vyake. Majembe yalikwenda Lubondja kwa shangazi, nyavu zikaenda Ubwari kwa mjomba, na masufuria yalichelewesha kikao kwa sababu bamama walikuwa wanayagombania. Kisha wakafika kwangu.

Mi ni kipofu tangu utoto, na siku ile nilikuwa na miaka thelathini na nane. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwao, nachambua maharagwe. Kaka yangu mkubwa akasema atanichukua yeye, nitaishi kwake Lulimba, na nyumba itapangishwa. Wote wakamsifu kwa roho yake nzuri. Ee Mungu wangu, utafikiri amekubali kufuga mbuzi mwenye kidonda!

Shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa wetu, aliyekuja kuandika makubaliano, akamuuliza kaka umri wangu. Akamuuliza kama ninajua kutia sahihi. Kaka akajibu hapana, atatia yeye kwa niaba yangu. Nyumba ile mama aliniachia mimi mbele ya watu wa kanisa, na watu hao walikuwa pale, wamenyamaza. Hasira ilinipanda mpaka maharagwe yakamwagika.

"Shefu," nikasema, "muniulize mi mwenyewe. Masikio yangu inasikia muzuri."

Shangazi akanishika bega, akanibembeleza kwamba ni uchungu wa msiba, niwaachie wanaume wapange. Nikautoa mkono wake. Nikamwambia shefu aandike kwamba siendi, nyumba ni yangu, na kidole nitaweka mwenyewe. Aliguna, lakini aliandika, akanisomea neno kwa neno, nami nikaweka kidole. Kaka alisema nimemwaibisha mbele ya watu, akapanda pikipiki bila kuniaga.

Sasa ni mwaka wa pili. Napika, nafua, nawasuka nywele bamama wa jirani, na wakishasukwa wanakwenda zao. Jioni naongea na redio. Upweke unaniuma, sitadanganya.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Kabla ya kikao kile nilikuwa nimeshafunga nguo zangu. Nilitaka kwenda Lulimba. Nilimpenda kaka, niliogopa kubaki peke yangu, na siku zote za matanga nilikuwa nangojea aje akae karibu nami, aniulize kama ningependa kwenda naye. Ningesema ndiyo hata kabla hajamaliza.