Nilifunga Duka la Dawa kwa Mdomo Wangu

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitafutie udhuru. Nimehama mji baada ya mji nikidhani nitaliacha nyuma. Halikuachika.

Shule niliacha darasa la tano. Tangu hapo nikawa mtu wa kuzunguka: leo nachimba mtaro Kasikeu, kesho napakia mahindi Mukuyuni. Gari lolote likisimama, lazima nijue limetoka wapi na limebeba nini. Watu wa soko waliniita Redio.

Pale Mukuyuni, Mama Mutuku aliuza dawa. Leseni ilikuwa ya mumewe, aliyesomea kazi hiyo, lakini mume alikuwa mbali, akija mara moja moja. Mama alijifunza kwa kumtazama. Wakaguzi wa dawa wangemkuta peke yake, angeshikwa.

Wakaguzi hao niliwahi kuwaona Kasikeu. Walisoma chupa moja moja, kisha wakapakia maboksi na muuzaji mwenyewe kwenye Land Rover. Nilimsimulia Mama Mutuku, nikaongeza chumvi.

"Sasa Redio, wakija huku utaniambia?"

"Mimi ndiye wa kwanza."

Kuanzia hapo chai yangu kwake ikawa ya bure.

Asubuhi moja ya siku ya soko niliona Land Rover ya serikali njia panda, na wanaume wawili wameshika makaratasi. Mimi, mtu wa kuuliza kila kitu, siku hiyo sikuuliza. Niliogopa mwingine asije akanitangulia na habari.

"Mama, funga. Wamefika."

"Una hakika?"

"Nimewaona kwa macho yangu. Jifungie ndani, unyamaze. Hata ukisikia sauti yangu usifungue. Wanaweza kunishika wanitumie kukuita."

"Kwani wewe ni mkubwa hivyo, wa kushikwa na serikali?" Alicheka, lakini alifunga.

Nilikaa barazani nikijiona mtu. Kisha dada yangu akaja mbio, mtoto wake Mwende mgongoni. Mtoto alikuwa na pumu, na tembe za duka lile ndizo zilizomtuliza. Kifua kilipiga filimbi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Niligonga mlango. "Mama, ni mimi. Fungua, mtoto anakufa."

Nikagonga tena.

"Mama, hakuna wakaguzi. Nilikosea," nikasema ili afungue tu.

Nikasikia kitu kizito kikivutwa hadi nyuma ya mlango. Alikuwa anafanya nilivyomfunza.

"Ulimwambia nini huyu mama?" dada yangu akauliza.

Nilimchukua mtoto nikakimbia kuelekea zahanati, yeye nyuma yangu. Waliotupakia garini ni wale wanaume wawili wa njia panda. Walikuwa wapimaji wa barabara tu.

"Mbona duka la dawa limefungwa siku ya soko?" dereva akauliza.

Mwende alikata roho kabla hatujafika.

Siku ya mazishi Mama Mutuku alinivuta kando. "Sauti yako niliitambua," akasema. "Ndiyo sababu sikufungua."

Hakuuza dawa tena. Dada yangu hunisalimu, lakini nikifika kwake siwezi kubisha hodi. Nasimama uani mpaka anione.

Wewe unayependa kuwa wa kwanza kupeleka habari, nenda kwanza ukaulize. Njia panda palikuwa karibu. Swali moja tu, na ningejibiwa.