Mguu Juu ya Mpira

Kwetu, juu milimani upande wa Same, Alhamisi ni siku ya msaragambo. Kwa asiyejua, msaragambo ni kazi ya pamoja. Kila kaya inatoa mtu, mnakwenda kuzibua mfereji, kutengeneza barabara au kuzoa tope kwenye ndiva. Ndiva nayo ni bwawa la kuchimbwa. Linakusanya maji ya kijito usiku kucha, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Mvua zikishusha udongo, ndiva inajaa tope, na tope hilo linatolewa kwa majembe na makarai. Kaya isiyotoa mtu inaruka zamu yake ya maji, hata kama ni kaya ya mchungaji wa kanisa.

Naanza na tope kwa sababu bila kulijua hutaelewa kwa nini kosa moja la mpira lilinifanya nikwepe njia ya sokoni kwa wiki kadhaa.

Nilikuwa beki wa kati wa timu ya wasichana ya kijiji, na bado ni beki. Wasichana wa kwetu hatukosi miguu wala pumzi. Ukikua unapanda mlima na ndoo kichwani, pumzi unayo. Tunachokosa ni muda. Asubuhi kukata majani ya ng'ombe, kisha shamba la tangawizi, mchana kuni, jioni jiko. Siku pekee ambayo wote tungeweza kukutana ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ilikuwa ya tope. Kocha wetu, kijana anayefundisha shule ya msingi, aliiomba kamati ya maji itusamehe. Mwenyekiti akamwambia, "Mwalimu, mpira wao ukianza kumwagilia mahindi, njoo tuzungumze."

Aliyetutetea ni mama yangu. Mama ni mtu wa kusema mikutanoni. Si mwenye sauti kubwa, ila akisimama watu wanaacha kunong'ona. Alisimama akasema, "Hawa watoto wamebakiza mechi moja wacheze ngazi ya wilaya. Wapeni Alhamisi zao mpaka mechi hiyo ipite. Karai la mwanangu nitalibeba mimi." Mama wa kipa wetu akasema naye atalibeba la mwanawe, na wengine wakafuata.

Mwenyekiti alikubali kwa sharti. "Wakifuzu, Alhamisi zao zitaendelea. Wakishindwa, warudi na makarai, na habari hii isiletwe hapa tena."

"Sawa," mama akajibu, kwa niaba yetu sote.

Basi kila Alhamisi sisi tukawa uwanjani na mama zetu wakawa kwenye tope. Jioni nilimkuta mama ameketi jikoni, miguu imekauka udongo mpaka magotini, anachochea makande kwa mkono mmoja, kwa mwingine ameshikilia kiuno. Akiniuliza mazoezi yalikwendaje, nilimweleza kwa kirefu, maana napenda kueleza.

Wakati huo nilikuwa na mwalimu mwingine ambaye kocha hakumjua. Alikuwa beki kijana wa Kihispania, msichana aliyenizidi kidogo umri. Nilimfahamu kwa simu tu. Kwetu mtandao unapatikana vizuri kwenye mawe yaliyo chini ya kanisa, na hapo ndipo nilipomfuatilia. Habari zake nilizisoma kwa kutafsiriwa na simu, kwa Kiswahili cha kuchekesha, lakini nilizielewa. Alianza kwa kucheza na wavulana katika mji mdogo, mpaka alipofikia umri wa kuambiwa hairuhusiwi tena. Klabu kubwa ikamchukua akiwa bado mtoto wa shule, akaishi bweni, mbali na kwao. Wakampandisha timu ya wakubwa mapema, goti likachanika, msimu ukampita akiwa jukwaani. Alipopona walimtoa kwa mkopo. Mkopo wa mpira ni hivi: klabu inabaki kuwa yako, ila unakwenda kucheza kwingine, mara nyingi kwa timu ndogo, mpaka waridhike kwamba umekomaa. Kuna wanaorudi, na kuna wanaosahaulika hukohuko. Yeye alirudi.

Nilichokipenda zaidi kwake ni kitu kimoja. Akipewa mpira mbele ya goli lake, hakuubutua. Kwa mabeki wa kwetu kubutua ndiyo kazi yenyewe: ukiupata, unaupiga mbele kwa nguvu zote, na hatari imeisha. Yeye aliweka mguu juu ya mpira, akasimama. Mshambuliaji anamjia mbio, yeye amesimama tu, kama mtu anayengoja chai. Akikaribiwa kabisa, anaupenyeza pembeni, na pale pembeni kila mara kuna mwenzake anaupokea. Klipu zake fupi za video nilizitazama mpaka vidole vikajua mahali pa kubonyeza bila mimi kuangalia.

Siku ya mechi tulishuka kwa kenta hadi tambarare, kijiji cha Bendera, akina mama wamekaa nasi nyuma. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Kutoka sare kungetutosha kufuzu, kocha alilirudia hilo mpaka tukamwambia tumesikia. Uwanja ulikuwa mgumu. Wakati wa mvua ng'ombe walikuwa wamekatiza katikati yake, na sasa nyayo zao zilikuwa zimekauka kama vikombe vilivyofukiwa ardhini. Kocha alituonyesha. "Hapa hakuna pasi za nyuma. Ukiupata, butua."

Kipindi cha kwanza niliupata mara moja nikiwa na nafasi kubwa, nikaweka mguu juu yake. Mshambuliaji wao akaja, nikampisha, nikaupiga mbele salama. Watu wakapiga makofi. Kijana mmoja wa wafugaji, aliyeegemea fimbo yake karibu na mstari, akasema kwa sauti ya kusikika, "Oya, huyu dada anauza sura." Wenzake wakacheka, na mimi, niseme ukweli, nilifurahi.

Mechi ilikuwa inakwisha, bado hakuna bao. Mpira ulirushwa ndani ukanidondokea miguuni, mbele kabisa ya goli letu. Nilisikia kocha akisema butua. Nilimsikia hata mama, ambaye kabla ya mwaka ule hakulijua neno hilo, akisema, "Butua, mwanangu." Nikaweka mguu juu ya mpira. Mshambuliaji wao akanijia mbio. Nikangoja, kama kwenye klipu, kisha nikaupenyeza pembeni. Pembeni hapakuwa na mtu. Mpira ukagonga ukingo wa unyayo wa ng'ombe, ukaruka, ukamrudia yule yule niliyedhani nimempita. Akafunga bila hata kukimbia.

Kipa wetu aliinuka akajifuta mchanga mdomoni. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua kweli, "Ulikuwa unamngoja nani?"

Niliukimbilia mpira nikaurudisha katikati. Refa alipopuliza filimbi ya mwisho, kocha alisema maneno mawili tu: "Pandeni gari."

Ndani ya kenta hakuna aliyeimba. Mama alikaa upande wa pili, akazungumza na jirani yake kuhusu upepo wa huko chini, jinsi unavyokausha midomo. Aliongea juu ya upepo mpaka kona za kupanda mlima zilipoanza. Nyumbani alinipakulia makande, akasema, "Kula." Afadhali angenigombeza. Ugomvi una mahali pa kushika, unaweza kujibu, unaweza kulia. Nilikula chakula cha mtu aliyebeba karai langu ili mimi nikawaonyeshe watu wa Bendera mguu wangu.

Alhamisi iliyofuata tulirudi kwenye ndiva, timu nzima. Nilifika mapema ili nisionekane nikifika, jambo la kijinga, maana kwenye tope watu wote wanatazamana. Nilimwamkia mwenyekiti.

"Shikamoo."

"Marahaba. Leo usiweke mguu juu, litakumeza hili."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Jirani yetu mmoja, aliyezoea kunikuta kwenye mawe ya kanisani nikimtazama yule Mhispania, akamgeukia mama, ambaye alikuwa ameleta uji wa watu. "Mama Beki, naona Mhispania wako kaja."

"Kaja," mama akasema. "Mpeni karai kubwa."

Wakacheka zaidi, na mama akacheka nao. Mimi niliinama nikazoa. Nilimwona kipa wetu akisaidiana na mdogo wake kubeba, viganja vimeanza malengelenge, na sikuweza kumtazama machoni. Wasichana wote walikuwa kwenye tope kwa sababu yangu, na hakuna aliyelisema.

Baadaye nilitumwa Same mjini kumpelekea mama mdogo tangawizi. Ana mgahawa wenye televisheni, na jioni ile kabla jua halijazama, kwa bahati, timu ya yule Mhispania ilikuwa inaonyeshwa. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheza mechi nzima. Nilikaa kwenye kona na soda, kama mtu aliyekuja kumwona ndugu.

Ndani ya muda mfupi alibutua. Mpira ukaenda jukwaani. Baadaye akabutua tena, vibaya, kama sisi. Kwenye klipu hilo hawaliweki. Lakini kilichonishtua ni kingine. Simu ina kioo kidogo, na klipu inaufuata mpira tu. Televisheni ilionyesha uwanja mpana. Kabla hajapewa mpira, mdomo wake ulikuwa wazi muda wote, anaongea, mkono unaelekeza huku na kule. Alipouweka mguu juu ya mpira, wenzake wawili walishaanza kukimbia, kwa sababu waliujua ule mguu una maana gani. Hakuwa anangoja kwa bahati. Walikuwa wamekubaliana, pengine tangu bwenini. Mimi niliwaangalia wenzangu kila Alhamisi ya mazoezi, Alhamisi zilizolipiwa na migongo ya mama zetu, na sikuwaambia hata mmoja ninachokusudia. Nilitaka washangae.

"Mbona hunywi soda?" mama mdogo akauliza.

"Nakunywa, mama mdogo."

Niliporudi nilimweleza kipa haya yote. Tulisimama ukingoni mwa ndiva, nikampangia mabonge ya tope: huyu wewe, huyu mimi, huyu anakuja hapa. Alisikiliza akijikuna udongo mkononi. Mwisho akasema, "Ni kitu kizuri. Tungekifanyia mazoezi lini?" Akaondoka na karai lake. Hakusema kwa kunikomoa. Lilikuwa swali la kweli, na jibu lake tulilijua sote.

Kilichoniuma kuliko vyote kilikuja kwenye mkutano wa kamati. Wazee walikuwa wanapanga vipande vya tope, maana ndiva inagawanywa, kila kaya inapewa kipande chake. Kulikuwa na jambo ambalo halikwenda sawa: mjane mmoja alipewa kipande kikubwa kuliko nguvu zake. Nilimwona mama akiinua mkono. Kisha akautazama, kana kwamba ni wa mtu mwingine, akaushusha. Jambo likapita. Mama yangu, ambaye watu waliacha kunong'ona alipoinuka, alihisi neno lake limepungua uzito, na lilipungua kwa mguu wangu.

Nikajikuta nimesimama. Uso ulikuwa wa moto, na maneno niliyoyapanga yalinitoka nje ya mpangilio. Nilisema kwanza kile kipande cha mjane kitazamwe upya. Kisha nikasema sisi wasichana hatuombi kusamehewa. Tunaomba vipande vya kaya zetu viwekwe pamoja, upande mmoja wa ndiva. Tutavizoa sisi kwa sisi, mama zetu wapumzike, na tukimaliza kabla ya wengine, muda uliobaki uwe wetu.

Mwenyekiti akauliza, "Na mkilipua kazi mkimbilie mpira?"

"Utakagua wewe mwenyewe kabla hatujaondoka."

"Nani atasimamia?"

"Mimi."

"Mhispania?" mtu akasema nyuma, na kicheko kikazunguka chumba. Nilibaki nimesimama mpaka kikaisha. Nilitamani sakafu ifunguke.

"Ndiyo," nikasema. "Huyo huyo."

Mwenyekiti akawatazama wenzake. "Tujaribu Alhamisi moja," akasema. "Na hicho kipande cha mjane tukiangalie."

Nikakaa. Bado sikuthubutu kumgeukia mama. Alisogea kidogo kwenye benchi ili nipate nafasi. Akaniinamia sikioni.

"Hukuwaamkia wazee," akasema.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesimama mbele ya baraza zima nikaanza kudai bila salamu, kama mtu asiye na kwao. Ikabidi niinuke tena, watu wote wakanigeukia tena.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakaitikia, na mama akaitikia pamoja nao.