Nilimkuta anakula mchana wa Ramadhani, nikamnyima daku

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na mwenye makosa ni mimi, kwa hivyo sina haja ya kuyapamba.

Mimi ni mlezi katika nyumba ya watoto huku Utange. Inaendeshwa na kanisa, na watoto karibu wote ni Wakristo kama mimi.

Mwislamu ni mmoja tu. Tumwite Zuhura, miaka kumi na tano. Aliletwa na afisa wa watoto baada ya mama yake kufariki.

Jumapili anakaa kanisani kiti cha nyuma, kimya. Kitu cha kwanza alichowahi kuniomba, mwaka jana, ni kufunga Ramadhani.

Meneja alikataa. Akifunga mmoja, alisema, kesho wengine watasusia chakula. Nilimbembeleza siku tatu. (Hapa nijisifu kidogo, maana huko mbele hakuna pa kujisifu.) Mwisho akakubali kwa sharti: siku Zuhura akionekana anakula mchana, ruhusa imekwisha.

Basi kila jioni nikawa namwekea ugali na mboga kwenye hotpot, na chai kwenye thermos, apate daku.

Wiki ya pili, saa sita mchana, nikaingia stoo kuchukua mchele. Zuhura yuko nyuma ya magunia, anakula mkate.

Niliumia, wakuu. Nilijiona nimefanywa mjinga. Nikamshika mkono hadi ofisini, nikamuuliza mbele ya meneja, "Kwa nini unatudanganya?"

Aliinamisha kichwa, hakujibu neno. Mimi nikaona kule kunyamaza ni kukiri. Hotpot ikarudi jikoni siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo akawa anapanga foleni ya chakula cha mchana kama wengine. Kumbe siku chache baadaye alianza kufunga tena kisirisiri. Sahani yake anawagawia wadogo, na daku yake ni maji ya mfereji.

Akaanguka kwenye karo, akifua.

Muuguzi wa zahanati alisema hana ugonjwa, ana njaa tu. Mtoto ninayemlea mimi, ana njaa. Niliona aibu hata kumtazama yule muuguzi.

Tukampigia shangazi yake wa Jomvu Kuu. Alikuja, akakaa na Zuhura faragha, kisha akaniita kando.

"Dada, siku ile ulomkuta na mkate alikuwa mwezini. Mwanamke akiwa mwezini hafungi, zile siku huzilipa Ramadhani ikisha. Sasa wewe wataka akwambie hayo mbele ya meneja, mwanamume?"

Pedi tunagawa pakiti mojamoja mwanzo wa mwezi, kwa hivyo hata mimi sijui nani yuko mwezini lini. Na hilo la kutofunga sikuwahi kulisikia, na nimezaliwa Kisauni, majirani zangu Waislamu pande zote.

Nilimwomba Zuhura msamaha. Akanijibu taratibu, "Nilidhani wajua, mama. Ndiyo maana niliwaficha wale wadogo tu, sikukuficha wewe."

Meneja akarudisha ruhusa. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Nilichojifunza ni kwamba nilipigania ruhusa yake bila kuuliza hata Mwislamu mmoja kufunga kukoje. Na swali la msichana huulizwa faragha, na mwanamke. Hili la pili sihitaji dini kulijua, nilipaswa kulijua. Kazi hii inachosha, wakuu, lakini uchovu haukunifanya nimburute vile. Ni hasira.

Mwaka huu Ramadhani ilipokaribia nilinunua hotpot mpya kwa pesa yangu. Nikamwambia nitamwekea daku kila siku.

Akatabasamu kwa adabu. "Usijisumbue, mama. Maji yanitosha."

Naiweka hata hivyo. Asubuhi naikuta imejaa.

Walezi na wazazi mlio humu, mtoto akishaacha kukuomba kitu, mlianzia wapi? Niandikieni, hata kama ni kunigombeza.